Kufuli Mbili za Chumba cha Juu

Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, tarehe 18 Aprili 2025, yapata saa saba kasoro robo, rimu ya lori inayoning'inia mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi ililia mara tatu, ikanyamaza, kisha ikalia mfululizo bila kupumzika, na marehemu Asajile Mwasomola, ambaye kwa miaka yote aliijua rimu ile kuwa ni ya kuwaita watoto mstarini, alikaa kitandani akamwambia mke wake Prisca kwamba hiyo haiwaiti watoto, hiyo inamwita yeye.

Mchungaji, wazee, walimu, wanakikundi, ndugu mliotoka Ipyana, Matema na ng'ambo ya Songwe, mtaniwia radhi historia hii kuanza na usiku huo badala ya tarehe ya kuzaliwa. Baba mkubwa aliagiza ianze na kuzaliwa, na karatasi aliyoikagua jana jioni ilianza hivyo, lakini hii ni karatasi nyingine. Tangu usiku huo hapa Ikolo kumesemwa kwamba Asajile aliukalia ufunguo ili magunia ya mpunga yasiguswe huku watoto wa watu wakisimama kwenye maji, limesemwa sokoni, limesemwa kwenye mashine, limesemwa hata jana hapa msibani karibu na masufuria, na haingefaa kusoma mwaka aliobatizwa na mwaka aliooa kana kwamba hilo halikusemwa. Aliyeiandika ndiye anayeisoma, ni Kisa, binti yake wa mwisho, naye anaomba jambo moja tu, asikatizwe, maana akikatizwa hataweza kuanza tena.

Marehemu Asajile alizaliwa Ipyana tarehe 9 Septemba 1961, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Lusajo Mwasomola, mkulima wa mpunga na ndizi, akahamia Ikolo na wazazi wake akiwa na miaka sita. Alianza darasa la kwanza Januari 1970 katika shule hiihii, ambayo wakati huo ilikuwa na madarasa mawili ya miti na udongo yaliyoezekwa nyasi, na kila Aprili maji yalipopanda watoto walirudishwa nyumbani mpaka tope likauke, kwa hiyo alikuwa akituambia kwamba yeye hakusoma miaka saba, ukitoa miezi ya maji alisoma mitano. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976, hakuchaguliwa kuendelea, na hakuwahi kulificha hilo, ila ukimwambia mtoto wa Kyela hana akili alikuwa anakasirika, anakujibu kwamba akili anayo, asichokuwa nacho ni sakafu kavu.

Kazi alianza mwaka 1979, akinunua mpunga kwa baiskeli kutoka kwa wakulima wa Ikolo na kuupeleka Kyela mjini, akaifanya kazi hiyo miaka kumi na mitano, na mwaka 1994 alinunua mashine ya kukoboa iliyokwishatumika, ile mnayoijua yenye kikohozi. Tarehe 3 Machi 2012 yeye na wenzake kumi na wanne, wanunuzi na wakoboaji wa mpunga, walianzisha Kikundi cha Tusajigwe, wakamchagua mzee Aliko kuwa mwenyekiti na Asajile kuwa katibu, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri, na kwa sababu, kama mzee Aliko mwenyewe alivyosema siku ile na watu wakacheka, katibu lazima awe mtu anayeogopa mke wake.

Kwenye ndoa hatuna mengi ya kusema kwa kuwa mjane yupo hapa na amekataa tuseme mengi. Walifunga ndoa kanisani tarehe 14 Julai 1984, Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza ni Sylvester aliye Tunduma, wa pili Felista aliyeolewa Matema, wa tatu alifariki kwa surua mwaka 1993 kabla hajajua kutembea, na wa mwisho ni Kisa aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 2002, akasoma mpaka kidato cha nne, akaolewa na Abrahamu anayefanya biashara ya kuvuka mpaka kwenda Karonga, na ana mtoto mmoja, Nancy, wa miezi tisa, huyo mnayemsikia analia kule nyuma na bibi yake.

Sasa tunafika kwenye shule na kikundi, na hapa Kisa anaomba msikilize vizuri, maana ndipo yote yalipotoka.

Ni Asajile aliyewaambia wanakikundi mwaka 2016 kwamba wao wana mpunga na hawana pa kuuweka, shule ina kiwanja na haina chakula, na watu wanaotafutana hivyo wakiwa jirani ni aibu kuachana. Walikubaliana mbele ya kamati ya shule na wazazi, kwamba kikundi kitajenga chumba kimoja kikubwa chenye msingi wa juu kuliko maji yaliyowahi kuonekana hapa, kwamba baada ya mavuno kikundi kitaweka magunia yake humo, na ikifika mwisho wa Januari magunia yatoke yote, chumba kiwe darasa la tatu mpaka mavuno mengine, na kwamba mwaka mzima kikundi kitatoa mchele wa chakula cha mchana cha wanafunzi, nao wanafunzi wakati wa mapumziko watapita juu ya mpunga ulioanikwa kwenye kiwanja, wakiugeuza kwa miguu kama sote tulivyougeuza. Kiko hapa kizazi kizima kilichokula wali ule, wengine mmeshakuwa mafundi na wauguzi, mmoja ni mwalimu palepale, na wote mnakumbuka mlivyokuwa mnashindana nani atachora mistari iliyonyooka kwenye mpunga, na marehemu alivyosimama pembeni akipiga makofi, akisema ndaga fijo, asanteni sana, wajukuu zangu, miguu yenu ina digrii.

Chumba kile ndicho chumba cha juu. Alibeba mawe ya msingi kwa baiskeli yake mwenyewe, na fundi alipotaka kusimamisha msingi kwenye magoti alikataa, akaingia akasimama, akaonyesha kiunoni mwake, akasema mpaka hapa.

Mwaka 2019 mchele wa wanafunzi ulipungua, walimu wakasema wanakikundi wanapima vibaya, wanakikundi wakasema walimu wanakula usiku, ikawa maneno mpaka kanisani watu wakakaa mbalimbali. Asajile ndiye aliyepata dawa, akasema mlango uwekwe kufuli mbili, moja ya shule ufunguo akae nao mwalimu mkuu, nyingine ya kikundi ufunguo akae nao katibu, asifungue mmoja bila mwenzake. Dawa ikawapendeza sana, tena ikawapendeza kupita kiasi, maana mzee Aliko akauliza je, funguo za akiba, na mwalimu mkuu Zebedayo akauliza hivyohivyo, wakatazamana, na tarehe 6 Julai 2019 kikundi na walimu walipokwenda Matema kula samaki kwa pamoja, mwenyekiti alichukua ufunguo wa akiba wa shule na mwalimu mkuu akachukua ufunguo wa akiba wa kikundi, wakasimama kwenye mawe, wakazitupa ziwani mbele ya mashahidi ishirini na watatu, watu wakapiga vigelegele. Picha ipo, marehemu anaonekana anacheka mpaka meno ya nyuma. Hakuna hata mmoja kati ya watu wale, na wengi walikuwa wamezaliwa kwenye mafuriko, aliyejiuliza usiku wa maji itakuwaje.

Mwaka huu mwisho wa Januari ulifika magunia hayakutoka. Bei ilikuwa inapanda, kikundi kikaomba wiki mbili, kikaomba mwezi, kikaomba mpaka Pasaka, na mwalimu mkuu akaogopa kwamba akigomba wali utakatika, hivyo watoto wa darasa la tatu wakaendelea kukaa kwenye chumba cha chini chenye nyufa. Kuna kumbukumbu ya mkutano wa tarehe 8 Machi 2025, imeandikwa kwa mwandiko wa marehemu mwenyewe, kwamba katibu alisema magunia yatoke kwa kuwa Aprili inakuja, na kwamba mwenyekiti alimjibu kuwa katibu siku hizi amekuwa mwalimu, tumnunulie chaki. Walicheka. Na yeye akaandika kwamba walicheka, kwa sababu katibu kazi yake ni kuandika yaliyotokea.

Kisa alikuwa mpishi wa shule tangu mwaka 2023, aliwekwa na kikundi. Utaratibu ulikuwa kwamba jioni ya kuamkia siku ya kupika anachukua ufunguo kwa baba yake, mwalimu mkuu anafungua kufuli yake, wanatoa mchele, wanapima kwa ndoo mbele ya wote wawili, wanafunga, na Kisa anarudisha ufunguo nyumbani kwa baba yake kabla hajapika chochote chake. Baba yake anakaa ng'ambo ya kijito. Kisa anakaa upande huu wa shule, ukitembea polepole ni hatua mia tatu.

Alhamisi Kuu jioni alitoa mchele wa wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wabaki kambini sikukuu yote wakijiandaa na mtihani, wakafunga, na mvua ilikuwa imeshaanza, ile ya kuziba macho, Nancy alikuwa na homa, mgongoni anaungua kama chungu, na Kisa akajisemea ufunguo atarudisha asubuhi, akaufunga kwenye pindo la kitenge.

Mnaona sasa.

Rimu ilipolia saa saba kasoro robo maji yalikuwa yameingia madarasa yote ya chini, watu wa nyumba za bondeni walikuwa wameshakimbilia shuleni na watoto wao, yapata watu arobaini, wakajaa pamoja na wanafunzi wa kambi kwenye kibaraza cha chumba cha juu, na mwalimu mkuu alikuwa amefungua kufuli yake na ya pili ikabaki inawatazama. Aliyegonga rimu alikuwa yeye, na kila aliyekuwa pale alijua inamwita nani. Asajile alinyoosha mkono kwenye msumari ukutani, akaukuta mtupu, akasimama, na mama anasema aliupapasa msumari mara ya pili, kisha akasema Kisa anao. Mama akamwambia basi pitia kwa Kisa, na yeye akasema kwa Kisa maji yameshafika mlangoni, mtoto ana homa, nikimgongea atatoka, na akitoka na ule ufunguo usiku huu na mtoto mgongoni nitawakosa wawili. Akachukua shoka. Akamwambia mama, na mama yupo hapa, mkimuuliza atajibu, kwamba ya ufunguo yanabaki humu ndani.

Kijito siku nyingine unakiruka. Usiku ule alikivuka kwa kushikilia migomba, ikamchukua zaidi ya saa nzima, alifika shuleni saa nane na nusu, maji kibarazani yalikuwa yanapita magoti ya watu wazima na viuno vya watoto, watoto wamebebwa mabegani, wamebadilishana mabega mpaka mabega yamekwisha. Wakamuuliza ufunguo uko wapi, akasema ameupoteza. Mama Tumaini, ambaye mjukuu wake alikuwa mabegani mwake tangu mwanzo, akamwambia maneno aliyoyasikia kila mtu, kwamba katibu miaka sita haujapotea, unapotea usiku magunia yamelala pazuri, na kuna aliyemalizia kwamba tumsubiri labda amekuja kuyapima. Asajile aliinua shoka. Alipiga mlango kwa shoka, ni mlango wa mbao uliobandikwa bati, bati likachanika na kumrudia, likamkata mguu wa kulia juu ya kifundo mpaka mfupa ukaonekana, akaendelea. Mlango ulipoanguka aliwapandisha watoto juu ya magunia mmojammoja, akitaja majina yao, akawaambia laleni, leo mpunga ndio unawageuza ninyi, na watoto wakacheka, wanakumbuka, waulizeni. Hakufa mtoto hata mmoja usiku ule. Magunia ya chini yaliloa.

Na Kisa je. Kisa aliisikia rimu. Hakuwa amelala. Alikuwa amesimama juu ya kitanda amemkumbatia Nancy, maji yanazunguka chini yanabeba sufuria, kwenye pindo la kitenge ufunguo unamgusa nyonga, na kila rimu ilipolia alijua inalia nini, alijua wa akiba uko ziwani, alipiga vigelegele yeye mwenyewe siku ile Matema alikofuatana na baba yake, na alijisemea baba atakuja kuuchukua, rimu ikalia, akajisemea baba yuko njiani, rimu ikalia, akajisemea akitokea tu nitamrushia dirishani. Ni hatua mia tatu. Aliogopa. Hakuna neno jingine la kuweka hapo, amelitafuta siku mbili na usiku wake, na mwishowe ameandika hilohilo, aliogopa.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, kikundi kilikutana bila kumwita, kikamwondoa ukatibu kwa kosa la kuvunja mlango wa mali ya kikundi bila idhini. Kwa hiyo kijijini alikuwa mtu aliyekataa kufungua, na kwenye kikundi alikuwa mtu aliyefungua, na wote waliomsema haya na wale waliomsema yale walikutana sokoni wakasalimiana vizuri kabisa.

Kidonda alikiosha kwa maji ya chumvi. Zahanati ipo, si mbali, ila njia yake inapita katikati ya soko na mbele ya shule, na Kisa alipombembeleza aende akachomwe sindano, akimwita tata, baba, tata twende, alisema atakwenda watu wakipungua njiani. Watu hawakupungua. Ijumaa tarehe 25 Aprili alishindwa kufungua kinywa kunywa uji, tarehe 26 tulimpeleka hospitali ya wilaya kwa pikipiki, wakasema ni pepopunda, wakamweka chumba chenye giza kwa kuwa kila mwanga na kila sauti ilimkunja mgongo, na hata huko mhudumu alipoangusha sinia ukumbini alikunjika, akasema kupitia meno yaliyobana, rimu. Usiku wa Jumanne Kisa alikuwa naye peke yake. Alimwomba msamaha. Naye akamshika kidole kimoja, si mkono, kidole, na kwa meno yaleyale akamwambia Nancy atasoma shule ileile, usimwambie mtu, na Kisa akaahidi. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 1 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, hasa muuguzi wa zamu ya usiku aliyekuwa akitembea bila viatu ili asimshtue. Inawashukuru majirani walioleta kuni, maji na mikeka, pamoja na mama Tumaini aliyelala hapa siku mbili, ambaye pia hakujua. Inamshukuru mwalimu mkuu Zebedayo na wanafunzi wa darasa la tatu waliochimbua njia ya jeneza kwenye tope. Inakishukuru Kikundi cha Tusajigwe kwa shada, kwa turubai, na kwa mchele unaochemka kule nyuma, nao waombolezaji wajue wanapokula kwamba umetoka chumba cha juu, gunia la pale juu walipolala watoto, kwa hiyo wale kwa heshima, na mzee Aliko naye ale.

Ufunguo ni huu. Kisa anauweka hapa juu ya jeneza, na anaomba mwalimu mkuu auchukue yeye, usizikwe, na kufuli ya pili isiwekwe tena kwenye mlango wowote ambao mtoto anaweza kuukimbilia. Kama kuna wa kunisema, sasa mnajua jina la kulisema.

Pumzika sasa, tata, usishtuke, hakuna kinacholia. Ulinikataza nisiseme, nikaahidi, na ahadi nimeivunja mara moja, hapa Ikolo tu, kwa sababu hapa ndipo walipokusema. Wa kwingine hawakukusema, na mimi sitamwambia mtu mwingine yeyote.